Nzuri, ila…

Mhadhara kwa wazazi na walimu, Magomeni, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Na wenzangu, hamjambo?

Asanteni. Nimesikia "marahaba", nimesikia na "hatujambo" ya ukumbi mzima, na nina hakika humu ndani yupo aliyeitikia "hatujambo" wakati jana hakupata usingizi mpaka adhana ya alfajiri. Simlaumu, ndivyo tulivyolelewa. Kiswahili chetu kinataka mtu ajibu salama kwanza. Unaingia msibani, unamkuta mwenye msiba macho yamevimba, unamuuliza "habari za hapa?" naye anakujibu "nzuri, ila ndiyo hivyo, tumempoteza baba." Nzuri inatangulia, ila inafuata.

Nimeombwa nieleze mtu anayekwenda kwa mwanasaikolojia kwa mara ya kwanza, au anayempeleka mwanawe akapimwe, atakutana na nini. Nitazunguka huku na huku, lakini nitakuwa narudi kwenye hiyo "ila", kwa sababu kazi yetu inaanzia hapo.

Tujue kwanza tunamwendea nani. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari, na yeye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa; zana zake ni mazungumzo na vipimo vya kisaikolojia. Mshauri nasaha wengi mnamfahamu tangu kwenye upimaji wa virusi vya UKIMWI: yule aliyekukalisha kabla ya majibu na akakukalisha tena baada ya majibu. Hapa mjini unaweza kuanzia hospitali za Amana, Temeke au Mwananyamala, na Muhimbili ipo idara nzima. Kwenda huko si kupelekwa Mirembe. Nalisema kwa uchungu, maana jina la Mirembe mitaani limegeuzwa tusi, na tusi hilo limewafungia watu ndani miaka na miaka. Mirembe ni hospitali iliyoko Dodoma, watu wanatibiwa pale. Na wengi wanaokuja kwetu hawalazwi popote. Wanaongea, wanapanda daladala, wanarudi kazini.

Sasa siku yenyewe. Utajaza fomu: jina, umri, dawa unazotumia, mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Hapo kwenye dawa, andika na za kienyeji. Hakuna atakayekugombeza kwa kwenda kwa mganga au kwa kuombewa, na hutatakiwa uache swala wala ibada. Lakini kuna mizizi na majani yanayogongana na dawa za hospitali, na daktari asiyejua hawezi kukukinga.

Kisha mtakaa, viti viwili, kwa kawaida dakika 45 mpaka saa moja. Utaulizwa kilichokuleta na kimeanza lini. Usingizi, hamu ya kula, kazi, nyumbani, pombe, nani amefariki, ulikuaje ulipokuwa mdogo. Utaulizwa pia kama umewahi kufikiria kujiua. Swali hili huwashtua watu, wengine huona wametukanwa. Wanaulizwa wote, mwalimu, bodaboda, mama wa nyumbani. Kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi aliyekuwa nalo hushusha pumzi, kwa kuwa amepata mtu wa kumwambia bila kupigiwa kelele.

Usitegemee kutoka umepona. Kikao cha kwanza, na pengine cha pili, ni cha kufahamiana na kupata picha. Wapo wanaorudi nyumbani wakiwa wazito kuliko walivyokuja, kama kidonda kilichooshwa, jioni yake kinafukuta. Kwa hiyo siku hiyo usipange kikao cha ukoo wala kwenda kudai deni. Rudi nyumbani, oga, kula, lala mapema.

Mzee wangu hapa mbele ameniuliza: "Mwanangu, nikikwambia wewe, nitajuaje hutamwambia mke wangu?" Shikamoo tena mzee, swali hilo ndilo la kumuuliza mtaalamu kabla hujafungua mdomo kwa lingine lolote. Unachosema ni siri. Haambiwi mke, mume, mama mkwe wala bosi, hata kama bosi ndiye anayelipa. Lakini siri ina mipaka, na mtaalamu mwaminifu atakutajia mipaka hiyo mwanzoni: ukiwa kwenye hatari ya kujidhuru, ukiwa na mpango wa kumdhuru mtu, mahakama ikiamuru, au mtoto akiwa anaumizwa. Hilo la mtoto liko kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtaka mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Usipotajiwa mipaka, uliza. Una haki ya kuuliza pia amesomea nini, anatoza kiasi gani, mtaonana mara ngapi, na maandishi yake anayaweka wapi.

Niwaambie langu. Mama yangu alipofariki nilishindwa kufanya kazi. Nilikwenda kwa mshauri, mlango ukaachwa wazi, na simu yake ikaita mara tatu akaipokea mara tatu. Nikasema "naendelea vizuri, nashukuru," nikalipa, nikaondoka. Nilijilaumu wiki nzima nikidhani nimeshindwa tiba. Sikuwa nimeshindwa kitu. Wa pili alifunga mlango, akazima simu mbele yangu, akanyamaza. Ndipo "ila" yangu ikatoka. Usipoelewana na mtaalamu baada ya vikao viwili vitatu, mwambie, au tafuta mwingine. Najua kwetu kumwambia mkubwa kitu kama hicho ni mtihani, lakini hapa ni sehemu ya tiba.

Baada ya hapo mnafanya nini? Inategemea. Ipo tiba inayofuatilia fikra na tabia, iliyoanzishwa na daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960. Mara nyingi inachukua vikao 12 mpaka 20, na unapewa kazi za kufanya nyumbani: andika wazo lililokujia ulipokataa kupokea simu ya dada yako, halafu mlipime pamoja kama lina ukweli. Zipo tiba nyingine ndefu zaidi. Muulize anatumia ipi na kwa nini anaona inakufaa.

Nije kwenye karatasi, kwa maana watu wanaziogopa. Huenda ukapewa dodoso liitwalo PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa hamu ya kufanya vitu, umekosa usingizi au umelala kupita kiasi, unajiona hufai, na kadhalika. Kila swali lina majibu manne, kuanzia "hapana kabisa", ambalo ni 0, hadi "karibu kila siku", ambalo ni 3. Jumla kubwa kabisa ni 27. Ukifika 10, mtaalamu anajua inafaa kuchimba zaidi. Dodoso linaelekeza tu mahali pa kutazama. Kusema una sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni kazi ya mtaalamu baada ya kuongea nawe.

Na hapa ndipo salamu zetu zinapotuponza. Mtu anajaza lile dodoso kama anayejibu hodi. Hapana kabisa, hapana kabisa, hapana kabisa, salama tu. Nasimulia mtu wa kubuni, nimemchanganya kutoka kwa wengi ili asitambulike yeyote: mama muuza samaki, amejaza sufuri tisa. Namrudishia karatasi, namuuliza anaamka saa ngapi. Saa nane usiku. Kwenda feri kuchukua samaki? Hapana, feri ni saa kumi. Sasa saa nane anafanya nini? Anakaa tu kitandani. Siku ngapi kwa wiki? "Zote." Hakuwa anadanganya. Alikuwa na adabu. Kwa hiyo nawaomba, kwenye karatasi ile wekeni adabu pembeni. Dodoso halina kufaulu wala kufeli. Na usipoelewa neno, usikisie, uliza.

Neno lina uzito mkubwa. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza Harare mpango wa kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi hao hawakuanza na jina la kidaktari la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi. Sisi hapa Dar tunasema "nina mawazo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta neno la kitabuni. Kama kwako ni mawazo, sema mawazo. Kama kichwa kinawaka moto, au moyo unakwenda mbio ukisikia mlango unagongwa, sema hivyo hivyo, tutaelewana.

Walimu, sasa nanyi. Mtoto wa darasa la nne hasomi, na nyumbani ameshaitwa mjinga. Kumpima kunaanza na maongezi na mzazi: alizaliwaje, alitembea lini, aliwahi degedege? Mwalimu anajaza fomu yake. Macho na masikio yanaangaliwa kwanza. Nimeona watoto waliohitaji miwani tu. Halafu mtoto anakaa na mpimaji saa mbili, pengine tatu, wakati mwingine kwa siku mbili. Kuna vibao vya kupanga, picha, tarakimu za kukumbuka, maneno ya kueleza. Maswali yanapanda ugumu mpaka mtoto akosee kadhaa mfululizo, ndipo sehemu hiyo inafungwa. Kila mtoto anafikia kukosea, hata yule hodari kuliko wote. Mwambieni hilo kabla, maana asipoambiwa anatoka analia.

Asilale na njaa, apate uji asubuhi, avae miwani yake. Kama kuna dawa anazotumia, mpeni mpimaji taarifa kwanza. Msimfundishe majibu. Mkifanya hivyo mtapata namba isiyo yake, na msaada usio wake.

Kuhusu hiyo namba. Katika vipimo vingi vya akili wastani umewekwa kuwa 100, na karibu theluthi mbili ya watu huwa kati ya 85 na 115. Lakini waliotumika kuweka wastani huo mara nyingi ni watoto wa Marekani au Uingereza. Mtoto wa Tandale anayeota kwa Kiswahili, akipimwa kwa Kiingereza cha darasani, anapimwa vitu viwili kwa pamoja. Mpimaji mzuri ataliandika hilo kwenye ripoti yake. Alfred Binet, aliyetoa kipimo cha kwanza cha aina hii mjini Paris mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, alitaka kuwatambua watoto wanaohitaji kusaidiwa shuleni, na alipinga wazo kwamba akili ya mtoto haiongezeki. Kwa hiyo mkiitwa kupewa majibu, msiridhike na namba. Ulizeni: ni nini anakiweza, kinachomkwamisha ni kipi, na Jumatatu mwalimu afanye nini tofauti? Ombeni maelezo kwa Kiswahili, na nakala ya ripoti mkononi.

Jambo la mwisho kabla ya maswali. Sisi mgeni hatumuagi kitini. Tunamsindikiza, na huko njiani, karibu na kituo cha daladala, ndiko anakosema kilichomleta. Kwenye tiba ni vilevile: dakika 48 mtu ameongelea foleni na bei ya mchele, ananyanyuka, mkono uko kwenye kitasa, anasema, "Halafu, yule mjomba niliyemtaja…" Muda umekwisha, kuna mwingine anasubiri kwenye benchi, na mtaalamu hatakusindikiza mpaka kituoni. Usione umefukuzwa. Ameshasikia. Ataliandika, atakuuliza kama uko salama kufika nyumbani, na wiki ijayo mkikaa tu, ataanzia kwa mjomba.