Ukuta wa Sauti: Muziki wa Dead Space Unavyojengwa

Ndugu wasikilizaji, mada yetu leo ni muziki wa Dead Space, gemu iliyotoka mwaka 2008. Mtunzi wake ni Jason Graves, na mwaka 2009 kazi hiyo ilimpatia BAFTA, tuzo ya Uingereza ya filamu, televisheni na gemu, tena kwa haki kabisa. Mchezaji yumo ndani ya Ishimura, meli ya angani iliyojaa maiti zilizogeuka mazimwi, na okestra haimpi nafasi ya kupumua. Ukitafuta kiitikio humo hukipati.

Mbinu hii ya kutisha kwa sauti zisizopatana ina ukoo. Mwaka 1961 Krzysztof Penderecki wa Poland alikamilisha maombolezo yake ya wahanga wa Hiroshima, kwa ala 52 za nyuzi: violini 24, viola 10, chelo 10 na besi 8. Mwanzoni wapigaji wanaagizwa watoe nota ya juu kabisa ambayo ala inaweza kuifikia. Ni nota gani hasa, mtunzi hakuandika. Kila mmoja anafika pake, na sauti hazipatani.

Tukitazame kishada kimoja, yaani nota nyingi zilizobanana zikipigwa pamoja, kwa karibu. Oktava, yaani umbali kutoka nota moja hadi ya jina lilelile iliyo juu yake, ina robo toni 24; robo toni ni nusu ya hatua ndogo kabisa ya piano. Mpe kila mpiga violini robo toni yake, waingie mmoja mmoja kuanzia chini. Wakishaingia wote, sikio haliwezi tena kuchambua nani anapiga nini, linasikia ukuta. Sasa wasogeze upinde hadi karibu kabisa na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi: nota ya msingi inafifia, sauti kali za juu zinajitokeza. Kisha wateleze kwenda juu, kila mtu kwa mwendo wake. Muda uandike kwa sekunde, mathalani 15 za kishada na 8 za kuteleza. Ukiandika kwa mapigo, watapanda pamoja kama kwaya, na hofu imekwisha.

Wengi huharibu kwenye kompyuta: wananakili violini moja mara 24 na kubadilisha kimo cha nota tu. Mwanzo wa upinde ni uleule, mtetemo ni uleule, na sikio linaitambua mashine mara moja. Afadhali wapigaji 6 halisi, warekodiwe mara 4, wakibadilishana nota na viti kila mara.

Mtunzi wa filamu anajua zimwi litatokea sekunde gani. Wa gemu hajui, maana mchezaji anaweza kusimama mlangoni atakavyo. Kwa hiyo muziki wa Dead Space ulipangwa katika tabaka nne, kutoka utulivu hadi kishindo, na gemu yenyewe inapandisha na kushusha kila tabaka kulingana na hatari iliyo karibu. Hapa ndipo ukuta ule unapolipa: hauna mdundo thabiti wala ufunguo, yaani nota kuu ambayo nyingine zote huiegemea, basi tabaka lolote linakaa juu ya jingine bila kugongana.

Angalieni tu makutano ya tabaka mbili. Tabaka moja likipungua huku jingine likipanda kwa mstari ulionyooka, katikati kila moja liko kwenye 0.5 ya kiwango chake kamili cha sauti, nguvu ya jumla inashuka desibeli 3, na mchezaji anasikia shimo. Wekeni 0.707 kwa kila moja. Na tabaka la nne lisikawie: likidumu, sikio linalizoea, halafu nyayo za zimwi linalokuja nyuma hazisikiki tena.