Ramani ya Mama wa Ndizi na Nyambizi Iliyotoroka Tallinn

REHEMA: Haya, tuko hewani. Eli, pole tena kwa msiba. Umerudi lini?

ELI: Juzi usiku, dada. Nimeshapoa. Mama mkubwa tumemzika vizuri, na watu walijaa. Ila nilichotaka kukisimulia ni cha siku iliyofuata mazishi. Nikasema kwa kuwa niko Arusha, safari hii siondoki bila kufika Tengeru, kwenye makaburi ya Wapolandi. Tangu niko shule ya msingi nayasikia tu.

REHEMA: Na umeanza kutuambia mada ya leo ni nahodha wa nyambizi wa Polandi, kumbe umeitoa makaburini.

ELI: Nimeitoa makaburini, ndiyo. Basi nimeshuka barabara kuu pale sokoni, simu ikazima chaji. Sijui pa kuelekea. Nikamwuliza mama mmoja anayeuza ndizi. Akaniangalia, akaona maneno hayatanitosha. Akachukua kijiti, akachuchumaa, akanichorea ramani vumbini. Barabara kubwa mstari, mfereji mstari mwingine, chuo cha mifugo kisanduku. Halafu akaweka kiduara, akasema: "Hapa palipokuwa na mwembe, kata kushoto."

REHEMA: Palipokuwa?

ELI: Palipokuwa! Mwembe wenyewe umekatwa. Nikamwuliza, mama, nitautambuaje mwembe ambao haupo? Akasema, "Utaona pameachia."

REHEMA: Ukaona?

ELI: Nikaona pameachia, wallahi. Miti yote imeshikana, halafu ghafla kuna mwanga juu na kisiki chini. Nikakata kushoto, nikafika.

REHEMA: Huyo mama angekuwa Tanga angefanya kazi na babu yangu. Unajua babu alikuwa nahodha wa jahazi. Hakuwahi kuwa na ramani ya karatasi. Alikuwa na mnara wa msikiti, kilima, minazi mitatu iliyosimama pamoja. Akisema, "Minazi ikijificha nyuma ya msikiti, geuza usukani," maana yake ni hapo hapo, si mbele wala nyuma. Siku mnazi mmoja ulipoanguka aliumia kama amefiwa.

ELI: Sasa ngoja nikupeleke Bahari ya Baltiki, maana ni jambo hilo hilo. Nyambizi inaitwa Orzeł, tamka karibu na "Ozheu", maana yake tai. Ilijengwa Uholanzi, ikaanza kazi mwaka 1939, na sehemu ya gharama yake ilitoka kwenye michango ya wananchi wa Polandi. Vita vimeanza tarehe 1 Septemba 1939. Siku chache baadaye nahodha wake, Kłoczkowski, akasema anaumwa. Usiku wa tarehe 14 wakaingia Tallinn, Estonia, nchi isiyofungamana na upande wowote, wamteremshe atibiwe.

REHEMA: Na hapo ndipo wakashikwa.

ELI: Wakashikwa. Sheria ya bahari iliipa manowari ya vitani saa 24 katika bandari ya nchi kama hiyo. Ila bandarini palikuwa na meli ya mizigo ya Ujerumani inayotaka kuondoka, na ilitakiwa itangulie, nyambizi isiifuate nyuma yake. Mwisho wake Waestonia wakasema chombo kimezuiliwa. Wakachukua ramani zote. Wakaondoa kifungio cha mzinga. Wakaanza kuteremsha topido, yaani mabomu ya kupigia meli chini ya maji, zilikuwa 20. Sasa nafasi ya Kłoczkowski imeshikwa na msaidizi wake, Jan Grudziński, kijana wa miaka 31. Akaihujumu waya ya winchi ya kunyanyulia topido, ikakatika kazi ikiwa katikati, zikabaki chache ndani.

REHEMA: Eleza ile ya kuvua samaki.

ELI: Hiyo nimekuwekea wewe. Mtu wao mmoja akaingia kwenye kiboti, akajifanya anavua bandarini mchana kweupe. Kumbe anapima kina cha maji kwenye njia watakayotorokea.

REHEMA: Anapiga bildi! Eli, hiyo ni bildi kabisa. Babu alikuwa nayo, kipande kizito cha madini ya risasi kama mche wa sabuni, na kamba yenye mafundo. Chini yake pana kishimo, unapaka mafuta ya mnyama. Ukiizamisha ikarudi na mchanga, unajua uko kwenye fungu. Ikirudi na tope, uko mlangoni mwa mto. Ikirudi tupu imekwaruzika, hapo ni mwamba, ondoka. Mimi nilikuwa napewa niionje ile tope.

ELI: Uionje?

REHEMA: Ndiyo. Babu alisema tope ya Pangani na tope ya Tanga hazifanani ladha. Nilikuwa na miaka saba, kwangu zote zilikuwa tope. Endelea.

ELI: Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba wakawateka walinzi wawili wa Kiestonia waliokuwa nyambizini, wakaharibu umeme wa bandari giza likaingia, wakakata kamba. Mlangoni mwa bandari wakapwelewa.

REHEMA: Pamoja na kupima kote kule.

ELI: Pamoja na kupima. Taa za kumulikia zimewashwa, bunduki zinalia, mizinga inafuata. Wakajitahidi mpaka chombo kikanasuka, kikazama kina kirefu, kikalala chini. Na sasa ndipo ramani ya mama wa ndizi inapoingia. Wako Baltiki, hawana ramani hata moja. Ila wale waliowanyang'anya walisahau kitabu kimoja, orodha ya minara ya taa ya bahari ile. Ofisa wa uongozaji, Marian Mokrski, akaketi na orodha ile pamoja na kumbukumbu yake, akachora ramani kwa mkono.

REHEMA: Hapo nisimame kidogo, maana watu watasikia "akachora ramani" wapite. Orodha ya taa inakupa nini? Inakupa jina la mnara, mahali ulipo, inavyomulika, mara mbili halafu kiza, mara tatu halafu kiza. Basi. Haikuambii kitu kuhusu maji yaliyo kati ya taa na taa. Mafungu hayamo, wala miamba. Na mabomu ya baharini yaliyotegwa mwezi ule ule hayamo hata kwenye ramani nzuri.

ELI: Kwa hiyo ni alama tupu, na nafasi kati yake ni nyeupe.

REHEMA: Ni ile ile ya mwembe. Mama alikupa alama. Mashimo ya njiani hakukuchorea.

ELI: Hakunichorea mbwa pia, na mbwa walikuwepo. Lakini sikiliza: hawakukimbia moja kwa moja. Walikaa Baltiki wiki kadhaa wakitafuta meli za adui za kupiga, huku wao wenyewe wanawindwa. Ndipo wakaamua kwenda Uingereza. Njia ya kutokea ni mlango wa Øresund, kati ya Denmark na Uswidi. Ni mwembamba, na kina chake ni kidogo mno kwa nyambizi ya mita 84.

REHEMA: Chombo kirefu kwenye maji mafupi. Hapo hata pa kujificha hakuna.

ELI: Walipita. Tarehe 14 Oktoba wakatokea pwani ya Uskoti, redio yao mbovu wameifufua, wanaomba wapokelewe. Na usiku huo huo wa kuamkia tarehe 14, nyambizi ya Ujerumani ilikuwa imeingia Scapa Flow, kituo cha manowari za Uingereza huko huko Uskoti, na kuizamisha manowari ya Uingereza, Royal Oak. Watu zaidi ya 800 wamekufa. Fikiria kuwa wewe ni nyambizi isiyotarajiwa, unajitokeza pwani hiyo asubuhi hiyo.

REHEMA: Wangepigwa wasiulizwe.

ELI: Manowari ya Waingereza ikatumwa kuwachukua, ikawaingiza Rosyth, bandari ya jeshi la majini Uskoti. Mimi nasema Grudziński alifanya kila kitu sawasawa, kuanzia Tallinn mpaka pale.

REHEMA: Hapana. Ya Tallinn nakukatalia, na nilijua tutafika hapa.

ELI: Unakataa nini? Nchi yake imevamiwa. Wajerumani wameingia tarehe 1, Wasovieti wakaingia upande wa pili tarehe 17, siku ile ile ambayo usiku wake alitoroka. Akae tu bandarini akiangalia?

REHEMA: Sisemi akae. Nasema aliingia kwenye nyumba ya mtu. Estonia ni nchi ndogo, jirani yake ni Stalin, na Hitler anambonyeza kutoka upande wa pili. Mgeni ameingia kwa hodi ya mgonjwa, amepokelewa, mgonjwa amepelekwa hospitali. Halafu mgeni anakata umeme wa nyumba, anachukua watoto wawili wa mwenye nyumba, anaondoka nao. Na tarehe 28 Septemba, siku kumi baadaye, Estonia imeshasainishwa mkataba wa kuwapa Wasovieti vituo vya jeshi. Moscow ilitaja kutoroka kwa nyambizi hii. "Hamuwezi kulinda bahari yenu, tutawalindia." Mwaka uliofuata nchi ikamezwa.

ELI: Ingemezwa vyovyote, dada. Ule mkataba wa Molotov na Ribbentrop, wa Wasovieti na Wajerumani, ulisainiwa tarehe 23 Agosti, Estonia imeshagawiwa kwa siri. Stalin angekosa nyambizi angetafuta mashua.

REHEMA: Angetafuta. Lakini hakuhitaji kutafuta, aliletewa. Mtu akiwa amekusudia kukuibia, mimi nikamwachia mlango wazi, huwezi kuniambia sina sehemu.

ELI: Na wale walinzi hawakuguswa. Aliwateremsha karibu na kisiwa cha Gotland, Uswidi, wakiwa na boti, chakula na hela za kurudia nyumbani. Ametafutwa na kila mtu baharini, na bado akasogea pwani ili awaachie. Wakati huo huo adui zake wanatangaza kwamba amewaua.

REHEMA: Hilo nampa, kwa mikono miwili. Lakini mama zao walikaa siku ngapi wanaamini wanao wameuawa? Wewe umetoka msibani juzi, Eli.

ELI: Ndiyo nimetoka msibani. Na nilikotoka nikapita Tengeru. Unajua wale waliozikwa pale walitokea wapi? Wengi ni familia za mashariki ya Polandi, upande ule ulioingiliwa tarehe 17 Septemba. Walisombwa na Wasovieti wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa wakashuka Iran, wakavuka bahari, wakaletwa Tanganyika kuanzia 1942. Walikuwa kama 5,000 pale Tengeru. Wanawake na watoto wengi. Sasa nchi inafanyiwa hivyo, halafu unamwambia ofisa wake mwenye topido mkononi azingatie adabu za ugeni?

REHEMA: Namwambia kwamba Waestonia nao walisombwa, mwaka 1941. Treni ni zile zile.

ELI: Si kwa sababu yake.

REHEMA: Si kwa sababu yake peke yake.

ELI: Hapo sitoki.

REHEMA: Na mimi sitoki. Weka hapo. Tuna dakika ngapi?

ELI: Saba. Na hatujagusa Norwe.

REHEMA: Nilikuwa nimeandika masomo matatu ya uongozi, yako hapa kwenye daftari.

ELI: Yasubiri. Norwe ni lazima. Tarehe 8 Aprili 1940, Orzeł iko pwani ya kusini ya Norwe, karibu na Lillesand. Wanaona meli ya mizigo, Rio de Janeiro. Grudziński akaibuka juu ya maji, akaiamuru isimame. Akawapa nafasi ya kutoka, hawakutoka. Akapiga topido. Wavuvi na chombo cha Kinorwe wakakimbilia kuokoa, na wanaotoa majini si mabaharia. Ni askari wa Kijerumani, wamevaa sare, na farasi wao pia wanaelea. Wakaulizwa mnakwenda wapi, wakasema Bergen, kuisaidia Norwe.

REHEMA: Na serikali?

ELI: Habari ilifika Oslo siku hiyo hiyo. Hawakuitumia. Alfajiri ya tarehe 9 Wajerumani wakavamia.

REHEMA: Basi hapo mtu aliweka alama katikati ya njia, kubwa kuliko mwembe, na wakapita pembeni yake.

ELI: Tarehe 23 Mei 1940 Orzeł ikatoka tena Rosyth kwenda Bahari ya Kaskazini. Watu zaidi ya 60 ndani. Haikurudi. Safari nyingi za kuitafuta zimefanywa, watu wanashusha vyombo vya kusikiliza chini ya bahari ile eneo kwa eneo.

REHEMA: Na yule nahodha mgonjwa?

ELI: Kłoczkowski alifika Uingereza baadaye, mwaka 1942 mahakama ya kijeshi ya Wapolandi ikamtia hatiani na kumvua cheo. Kama aliumwa kweli au aliogopa, hilo linataka kipindi chake.

REHEMA: Tukifanye. Mimi namtetea.

ELI: Nilijua tu utamtetea. Dakika mbili. Unasoma masomo yako?

REHEMA: Hapana, dakika mbili hazitoshi hata la kwanza. Niambie kitu kimoja, pale Tengeru makaburini kukoje?

ELI: Pasafi. Pana ukuta, misalaba imepangwa mistari, majina yanasomeka. Kuna mzee anafagia, akanisomea majina mawili matatu kwa matamshi ya kwao kabisa, mimi na haya yangu ya "Ozheu" nikanyamaza. Na wakati wa kurudi nikapita tena kwa mama, nikamnunulia mkungu.

REHEMA: Ramani ilikuwepo bado?

ELI: Bodaboda wameshaikanyaga. Akaniuliza, "Uliona pameachia?" Nikamwambia niliona, mama.

REHEMA: Mnaotusikiliza, tuandikieni alama moja ya kwenu ambayo haipo tena lakini watu bado wanaelekezana nayo. Wiki ijayo nitazisoma kwanza, masomo yatafuata. Na la Estonia halijaisha, Eli.

ELI: Halijaisha, dada. Naona fundi ananyoosha mkono. Kwaherini.