Umeizima Kompyuta, Lakini Imezimika?

Ndugu zangu, jioni mtu anabonyeza kitufe cha kuzima, skrini inakuwa nyeusi, feni inanyamaza, naye anaondoka akiamini kompyuta imezimika kabisa. Basi kesho, kama unatumia Windows, fungua Task Manager, programu yake inayoonyesha kazi za kompyuta, uende penye taarifa za prosesa, utazame mashine imekaa muda gani bila kuanza upya. Huenda ukakuta siku 9, ilhali umeizima kila jioni.

Hiyo ni kazi ya uwashaji wa haraka (Fast Startup), uliokuja na Windows 8 mwaka 2012. Ukizima, programu zako hufungwa kweli nawe unatolewa kwenye akaunti yako. Kiini cha mfumo, pamoja na draiva zake, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, hakifungwi. Hunakiliwa kilivyo na kuwekwa kwenye diski, katika faili liitwalo hiberfil.sys. Asubuhi kompyuta husoma nakala hiyo, ikaendelea pale ilipoachia.

Sasa fikirieni draiva ya sauti iliyovurugika jana. Inalazwa na ugonjwa wake, inaamka nao. Wengi huniambia, "Nimezima mara tatu, bado." Nami huwauliza: je, umechagua kuwasha upya? Maana kuwasha upya ndiko kunakoanza mwanzo kabisa, si kuzima. Nakiri naliona jambo hili kinyume cha akili ya kawaida, na linawapotezea watu saa nyingi.

Je, tuuondoe uwashaji huu wa haraka? Kama diski yako ni ile ya sahani zinazozunguka na huoni hitilafu, uache, maana unakupunguzia kungoja. Kwenye SSD, diski isiyo na sahani hizo, unachookoa aghalabu ni sekunde chache tu.

Lakini mwenye Windows na Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, katika mashine moja, nakusihi, uondoe leo. Sehemu ya diski yenye Windows inabaki usingizini. Linux ikiandika humo, Windows itaamka na kumbukumbu ya zamani ya mafaili, na hapo data huharibika. Ndiyo sababu mara nyingi Linux hukubali kusoma tu. Usiilazimishe.

Utaukuta kwenye Paneli Dhibiti, katika mipangilio ya nishati, panapochaguliwa kazi ya vitufe vya kuzimia. Na asiyetaka kubadili chochote, ashikilie Shift anapochagua kuzima. Mara hiyo moja, mashine itazimika kweli.