Mwavuli wa Usiku

Wazee wangu, kina mama, na nyie vijana mliojibanza kule mlangoni, asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Miavuli yenu nimeiona kibarazani inachuruzika maji. Nimehesabu 17. Ndiyo nitakayoizungumzia.

Nilikuwa na miaka 12, hapa hapa Ujiji, mjomba wangu alipooa. Baada ya Isha tukamtoa nyumbani na dufu, kavaa kanzu, joho na kilemba, mimi nyuma yake nimepewa mwavuli nimshikie. Mjomba mrefu, mimi mfupi. Nikatembea kwa ncha za vidole, mkono unawaka moto, na pale kwenye mteremko ubavu mmoja wa mwavuli ukanasa kilemba, kikaenda mchangani. Watu walicheka mpaka dufu likakatika. Sasa angalieni: ni usiku, ni kiangazi, mbalamwezi inang'aa, hakuna hata wingu. Nikamuuliza mzee mmoja pembeni, huu mwavuli wa nini? Akanijibu, "Shika tu."

Jibu nilikuja kulipata mbali sana. Kwenye kuta za majumba ya wafalme wa Ashuru, wale wa Ninawi tunaowasoma katika maandiko, kuna michoro iliyochongwa zaidi ya miaka 2,600 iliyopita. Mfalme yuko kwenye gari la farasi, na nyuma yake kuna mtumishi kamshikia mwavuli. Mtumishi mwenyewe jua linamchoma. Mwavuli wa zamani ulikuwa hivyo, alama ya cheo: mtu anayefunikwa na mtu anayeungua. Uchina, mwaka 1980, karibu na kaburi la mfalme Qin Shi Huang aliyekufa mwaka 210 kabla ya Kristo, walifukua magari ya shaba, na moja limesimamishiwa mwavuli juu ya dereva. Thailand, mfalme aliyetawazwa ana mwavuli mweupe wa ngazi 9, na ngazi zikipungua, mjue na cheo kimepungua. Papa akifariki, nembo ya kiti kilicho wazi huchorwa mwavuli juu ya funguo mbili.

Ninaowapenda zaidi ni Waasante wa Ghana. Mwavuli wa chifu wao ni mpana kama paa la kibanda, na mbebaji haushiki ukatulia. Huurusha juu na chini kwa mdundo wa ngoma, chifu apate kivuli na upepo kwa pamoja. Kileleni hukaa kinyago kilichopakwa dhahabu, na kinyago hicho ni methali: anayekitazama anajua chifu anasema nini kabla hajafungua mdomo. Mngeniambia haya siku ile ya kilemba, ningejitetea kwamba nami nilikuwa nafuata mdundo.

Mvua iko wapi katika yote haya? Haipo. Sisi lugha yetu haikutuficha: mwavuli, kivuli, uvuli, ni ukoo mmoja. Hata neno la Waingereza limetoka kwenye Kilatini, umbra, yaani kivuli. Wachina ndio waliotangulia kuupeleka kwenye mvua, kwa karatasi iliyopakwa mafuta juu ya mbavu za mianzi.

London ilichelewa kabisa, pamoja na mvua yake yote. Miaka ya 1750 bwana mmoja, Jonas Hanway, aliyekuwa amesafiri hadi Uajemi, alianza kutembea na mwavuli mitaani. Wakamzomea. Kwao ulikuwa kitu cha kike, na tena ukishika mwavuli umejitangaza kwamba huna gari la farasi. Waliochukia kupita wote ni madereva wa magari ya kukodi, kwa sababu mvua ndiyo soko lao. Muulizeni wa bajaji pale Mwanga, Kigoma mjini, bei inavyopanda wingu likitanda upande wa ziwa, mtawaelewa. Hanway hakuuacha mpaka alipokufa mwaka 1786, na kufikia hapo wenziwe nao walishaanza kuubeba. (Bwana huyu huyu aliandika kupinga unywaji wa chai. Kwa hilo hakumpata mtu.)

Miavuli ile ilikuwa mizito, mbavu zake ni vibanzi vigumu vya kinywani mwa nyangumi. Mwaka 1852 Samuel Fox, mwenye kiwanda cha waya karibu na Sheffield, alitengeneza mbavu za chuma cha pua zenye umbo la mfereji. Ngoja niufungue huu niliokuja nao. Pitisheni kidole hapa chini ya ubavu: si waya wa duara, umekunjwa kama bati la kukingia maji. Mfereji huo ndio unaoufanya uwe mwembamba lakini imara, na chuma chenyewe ndicho kinachoufanya upinde, kisha urudi.

Fundi viatu wangu wa Mwanga, ambaye masika humgeuza fundi miavuli, alinifundisha hilo kuliko kitabu. Ubavu ukivunjika huweka spoku ya baiskeli. Spoku ina nguvu, anasema, lakini upepo wa ziwa ukiupindua mwavuli ukawa beseni, spoku hubaki imepinda hivyo hivyo. Hii ya kukunja mara tatu ya siku hizi hapendi hata kuigusa, mbavu zake ni laini kiasi kwamba ukitoboa tundu la rivet, kile kijimsumari cha kuungia, zinakatika. "Ya zamani ilikufa uzee," anasema, "hii inakufa ujana."

Huu mnaoutazama ndio ule wa mjomba. Una spoku tatu. Pokezaneni muuone, ila wa kuufunga awe mwangalifu: ile springi ya kwenye mpini inabana dole gumba.