Acheni Urefu, Pimeni Nyonga

Hili nimelisema mara nyingi, na leo nalisema tena: anayetaka kujua jinsi hali ya hewa ilivyoufinyanga mwili wa binadamu asianze na urefu. Aanze na upana wa nyonga.

Najua swali linalokuja. "Wadinka wa Sudan Kusini ni warefu, Wambuti wa msitu wa Kongo ni wafupi, na wote wako kwenye joto. Kanuni ya Bergmann ya 1847, kwamba miili mikubwa iko kwenye baridi na midogo kwenye joto, si imekufa?" Haijafa, imesomwa nusu. Mwili huzalisha joto kulingana na ujazo wake, na hulitoa kupitia ngozi. Sasa chukulia kiwiliwili ni silinda. Gawanya eneo la ubavu wake kwa ujazo: jibu ni 2 kugawanya kwa nusu kipenyo. Urefu uko wapi hapo? Umefutika! Silinda yenye nusu kipenyo cha sentimita 12 inakupa 0.167, ipanue ifike 15, unapata 0.133, pungufu kwa asilimia 20. Irefushe utakavyo, jibu ni lilelile. Kwa hiyo Mdinka na Mmbuti, pamoja na tofauti yao yote ya kimo, wote wana nyonga nyembamba, na watu wa Aktiki, kule kwenye baridi kali ya kaskazini, hata wakiwa wafupi, wana nyonga pana.

Kimo nacho kina habari yake, ila ni habari ya chakula na maradhi ya utotoni. Vizazi viwili vitatu vya lishe bora vinatosha kukibadilisha. Upana wa nyonga haukurupuki hivyo.

Namna ya kupima kwenye mifupa ya marehemu. Unganisha mifupa miwili ya nyonga na sakramu, ule mfupa wa chini ya uti wa mgongo, kaza kwa mpira, kisha pima umbali mkubwa kabisa kati ya kingo za nje za juu, kushoto na kulia. Wengi huharibu wanapobana sana mbele, kwenye kinena: viungo vya nyuma vinafunguka na kipimo kinadanganya. Kingo zenyewe ni nyembamba, zikiwa kaburini hulika kwanza. Ukibaki na upande mmoja tu, pima kutoka katikati ya sakramu, zidisha kwa mbili, na uandike kwamba umefanya hivyo. Msipoandika, atakayefuata atadhani mlipima kitu kizima. Yule kijana wa Nariokotome, binadamu wa kale ambaye mifupa yake iligunduliwa karibu na Ziwa Turkana, Kenya, na Kamoya Kimeu mwaka 1984, nyonga yake ilipatikana vipande vipande, na mabishano juu ya upana wake yanaendelea.

Kipimo cha pili ni uwiano wa mguu: urefu wa muundi, mfupa mkubwa wa chini ya goti, gawanya kwa urefu wa mfupa wa paja, zidisha kwa 100. Muundi wa sentimita 38 na paja la 45 ni 84.4. Watu wa Aktiki wako karibu na 80, watu wa tropiki 85 hivi. Lakini pima muundi pamoja na kile kinundu cha ndani cha kifundo cha mguu, na usihesabu vile vichomozo vidogo vya juu ya muundi, gotini. Trotter, mtafiti wa mifupa wa Marekani, katika kanuni za 1952 za kukadiria kimo kutokana na mifupa, alikiacha kinundu hicho ilhali maelezo yake yalisema amekihesabu. Ukitumia kanuni yake kwa muundi uliopimwa sawasawa, unamwongezea marehemu sentimita 2.5 hadi 3 asizokuwa nazo.

Mtindo wa maisha? Muda unanibana, nitagusa tu. Usiutafute kwenye urefu wa mfupa, utafute kwenye unene wa ganda lake, ile sehemu ngumu ya nje, na umbo la mkato wake, yaani sura unayoiona ukiukata mfupa katikati. Mkono wa mcheza tenisi unaoshika raketi huwa na ganda nene kuliko mwenzake, hasa aliyeanza akiwa mtoto: kabla ya kubalehe mfupa huongezeka kwa nje, ukubwani mazoezi huzuia zaidi upotevu wa ndani. Paja la mtembeaji wa masafa marefu hurefuka mkato wake mbele na nyuma; la mkaaji huelekea kuwa duara. Taya hupungua kwa chakula laini, meno yakabanana. Pua nyembamba ya nchi za baridi kavu, na fuvu kwa jumla, naviruka. Maswali?