Boga la Halloween: Namna ya Kulichonga Lisioze Kabla ya Siku Yake

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wote habari za huko nyumbani. Leo nipo kibarazani kwangu hapa Peoria, katika jimbo la Illinois, na vitu mnavyoviona mezani ni maboga mawili, ndoo, kijiko cha chuma na kopo la mafuta ya mgando. Baada ya video iliyopita wengi wenu mliniuliza kwa nini Wamarekani huchonga nyuso kwenye chakula kwa ajili ya Halloween, sherehe yao ya usiku wa tarehe 31 Oktoba, na mama yangu aliuliza hivyo hivyo, ila kwa ukali zaidi. Desturi hii ililetwa na wahamiaji kutoka Ireland, ambao kwao walizoea kuchonga tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo, na walipofika Marekani wakakuta maboga, ambayo ni makubwa zaidi na hayasumbui kisu. Kwa faida ya mama niongeze kwamba boga hili la kuchonga lina maji mengi, nyama yake ni nyuzinyuzi na utamu wake ni hafifu, kwa hiyo hata ukilipika futari hutalisifu.

Mwaka jana nililichonga langu tarehe 20 Oktoba, siku kumi na moja kabla ya Halloween, nikaliweka hapa nje na kulisahau. Siku ya tano mdomo ulikuwa umejikunja kwa ndani kama wa bibi aliyevua meno ya bandia, na nilipoinua kifuniko nikakuta ukungu wa kijivu wenye manyoya marefu umetanda ukuta mzima, huku chini kukiwa na maji meusi yaliyopenya hadi kwenye mbao. Hili duara mnaloliona karibu na mguu wangu ni alama yake, na halijatoka mpaka leo.

Boga zima lina ganda linalolilinda, na likiwekwa mahali pakavu penye ubaridi linaweza kukaa miezi miwili au zaidi. Kisu kikishapita, mambo mawili huanza kwa pamoja: maji hutoka kupitia kingo zilizokatwa, ndiyo maana linanyauka, na kuvu huvamia nyama iliyoachwa wazi, ambayo ina unyevu na sukari. Ukililowesha kwa maji matupu unalizuia kunyauka lakini unaulisha ukungu. Ukiliacha likauke, uso unajikunja. Inabidi kwanza uwaue wadudu hao wasioonekana, kisha ndipo uyafungie maji ndani.

Mimi sasa nakata tundu chini ya boga badala ya juu, kwa sababu kifuniko cha juu kikisinyaa hutumbukia ndani, kikonyo na yote. Kazi kubwa ni kukwangua. Sikilizeni: kijiko kinapopita kwenye nyuzi hakitoi sauti, lakini kikifika kwenye nyama ngumu kinakwaruza hivi, na hapo ndipo penyewe. Endeleeni mpaka nyuzi zote ziishe na ukuta ubaki na unene wa kama sentimita 2.5, kwa kuwa ukungu wa mwaka jana ulianzia kwenye nyuzi nilizoziacha kwa uvivu.

Kisha natia kijiko kimoja cha chakula cha jiki katika lita nne za maji, nalizamisha boga kwa saa chache, halafu naligeuza juu ya taulo likauke kabisa. Tafadhali msichanganye jiki na siki, kama baadhi ya watu wanavyoshauri, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Likishakauka, napaka mafuta ya mgando kwenye kila ukingo uliokatwa: macho, pua, na hasa ncha za meno, ambazo hukauka kabla ya sehemu nyingine. Kwa kuwa mafuta hayo yanaweza kushika moto, na mshumaa wenyewe hulipika boga kwa ndani, naweka taa ndogo ya betri.

Mchana lisipigwe na jua. Usiku nalifunika kwa plastiki na kuliweka kwenye jokofu, ingawa mume wangu analalamika kwamba sufuria yake ya maharage imekosa nafasi. Baridi ikifikia kugandisha maji, usithubutu kuliacha nje, kwani barafu hupasua nyama yake na likiyeyuka linakuwa uji. Likianza kunyauka, lirudishe kwenye maji baridi yenye jiki kidogo kwa saa kadhaa, nalo hukakamaa tena.

Hata hivyo, hakuna kati ya haya yote kinachoshinda kuchagua siku nzuri ya kuchonga. Leo ni tarehe 28, zimebaki siku tatu, na ningekuwa na subira zaidi ningengoja hadi kesho.

Hili lililolowekwa jiki halitaliwa na mtu wala mnyama. Mbegu, mama, nilizitoa mapema kabla ya dawa, nikazitia chumvi, na sasa hivi ziko kwenye oveni.