Hisabati ya Mlipuko wa Mazombi

Wanafunzi, walimu wenzangu, na wote mliopata nafasi ya kuja, karibuni sana.

Chukulieni mji wa watu 1,000, na mazombi 10, wale wafu wanaotembea, wameingia. Zombi akimng'ata mtu, mtu huyo naye anageuka zombi. Mtu akimwahi zombi, anamuua. Je, mji utapona au utakwisha?

Najua wengi mnataka kuuliza kwanza kuhusu silaha, kuta, na mbio za watu. Yote hayo tutayaingiza katika namba moja. Kwa kila mtu mmoja anayeng'atwa, mazombi wangapi wanauawa? Namba hiyo tuiite k. Silaha nzuri zinaipandisha, woga na vurugu vinaishusha.

Tuanze na k ya 1.5. Yaani kila watu 2 wanapong'atwa, mazombi 3 wanauawa. Wameongezeka 2, wamepungua 3, hivyo kundi lao limepungua kwa 1. Ili wale 10 wa mwanzo waishe, itabidi watu 20 wang'atwe. Wanabaki watu 980. Msiba, lakini mji upo.

Sasa k iwe 1.1. Watu 10 waking'atwa, mazombi 11 wanauawa. Kundi linapungua tena kwa 1, ila safari hii kwa gharama ya watu 10. Hesabu inakwisha kwa kupoteza watu 100. Wanabaki 900.

Tuishushe kidogo tu, iwe 0.9. Watu 10 wanang'atwa, mazombi 9 wanauawa, kundi limeongezeka kwa 1. Tukiendelea hivyo mpaka mtu wa mwisho, mji umebaki na mazombi 110 na hakuna binadamu hata mmoja.

Naomba tusimame hapo. Kati ya 1.1 na 0.9 hakuna tofauti ambayo mtu angeiona kwa macho akiwa barabarani, katikati ya purukushani. Lakini upande mmoja wamebaki 900, upande wa pili hakuna. Na ukubwa wa mji hauokoi. Weka watu milioni moja: kwa 1.1 bado unapoteza 100, kwa 0.9 bado unapoteza wote. Mpaka kati ya pande hizo mbili, yaani k ya 1, ndio tunaouita kizingiti, na kukitafuta ndiyo kazi kubwa ya modeli yoyote, yaani picha ya kihesabu, ya maambukizi.

Kwa nini mazombi ni wakatili kiasi hiki kuliko mafua? Jibu limo katika kazi ya William Kermack na Anderson McKendrick, iliyochapishwa mwaka 1927. Waliwagawa watu katika makundi: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, na walioondoka katika mzunguko kwa kupona au kufa. Mgonjwa wa mafua hupona mwenyewe, hahitaji mtu mwenye afya aje kumwondoa. Kwa hiyo, kadiri watu wa kuambukizwa wanavyopungua, maambukizi yanapungua kasi huku kupona kukiendelea vilevile. Moto unakosa kuni. Hata ugonjwa ambao mgonjwa mmoja huambukiza watu 2 mwanzoni, mlipuko wake kwa kawaida unazimika ukiwa umeacha karibu mtu mmoja kati ya watano bila kuguswa.

Zombi haponi. Anaondolewa na binadamu tu. Binadamu wakipungua, kung'ata kunapungua na kuua kunapungua, vyote kwa kiwango kilekile. Namba k haibadiliki, na hakuna nafuu inayokuja yenyewe mwishoni. Binafsi naona hili ndilo somo zuri kuliko yote katika mada hii, kwa sababu linamlazimisha mwanafunzi aone kwamba milipuko ya kawaida huzimika kwa sababu maalumu, na sababu hiyo inaweza isiwepo.

Mwaka 2009 Philip Munz na wenzake watatu, wa vyuo vikuu vya Ottawa na Carleton nchini Kanada, walichapisha modeli ya kwanza iliyojulikana sana ya mazombi. Katika mchoro wa makundi, ambapo mshale huonyesha watu wanavyohama kutoka kundi moja hadi jingine, wao waliongeza mshale mmoja: waliokufa wanaweza kufufuka na kuwa mazombi. Mshale huo unaharibu hesabu yote tuliyofanya sasa hivi. Zombi uliyemuua hajaondoka, umemweka akiba tu. Hata k ikiwa kubwa namna gani, umenunua muda. Walijaribu karantini, ikashindwa. Walijaribu tiba, wakabaki binadamu wachache wakiishi pamoja na mazombi. Kilichofaulu ni mashambulizi ya kurudiarudia, kila moja likiwa na nguvu kuliko lililotangulia, yakianza mapema.

Mwaka 2015 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Cornell waliongeza kitu ambacho mimi nimekiacha: umbali. Katika hesabu yangu, kila zombi anaweza kumkuta mtu yeyote mjini. Wao waliwapanga watu kwenye gridi, kila mmoja akiwa na majirani wachache. Kizingiti kikashuka kutoka 1 hadi takriban 0.44. Maana yake, zombi asiyeweza kuhama humaliza majirani zake na kukwama, hivyo binadamu wanaweza kushindwa zaidi ya nusu ya mapambano na jamii bado ikasimama. Walipoendesha modeli hiyo juu ya ramani ya Marekani, miji mikubwa ilianguka mapema, na maeneo yenye watu wachache, hasa kaskazini mwa milima ya Rocky, yalidumu muda mrefu zaidi.

Kuna aliyeuliza kama haya yote yana manufaa, maana wafu hawaambukizi mtu. Wanaambukiza. Mwili wa aliyefariki kwa Ebola una virusi vingi, na kuosha na kuzika kumeua watu wengi. Mwaka 2007 ilichapishwa modeli ya milipuko ya Kongo ya 1995 na Uganda ya 2000, ikiwa na kundi la peke yake kwa ajili ya mazishi: mshale unaotoka kwa marehemu kwenda kwa walio hai. Ni ndugu wa ule wa mwaka 2009, ila huu tunaweza kuukata.

Septemba 2014, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikadiria kwamba hali ikiendelea bila mabadiliko, Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikisha wagonjwa wa Ebola milioni 1.4 kufikia Januari 20, 2015. Hadi mlipuko unakwisha mwaka 2016, Afrika Magharibi nzima ilikuwa na wagonjwa wapatao 28,600. Wapo waliosema modeli ilidanganya. Sikubaliani nao. Makadirio yale yalikuwa na sharti, "bila mabadiliko", na mabadiliko yakafanyika: vitanda vikaongezwa, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, na timu za mazishi salama zikaenda nyumba kwa nyumba.